Pale Chiriku Alipokuwa Akiitikia

Jumatatu, 1 Juni

Mke wangu amesema maneno yangu yamezidi kipimo cha masikio ya mtu mmoja. Kila ninachotaka kumsimulia nikitoka kazini nikiandike; akipenda atasoma, asipopenda basi. Haya, naandika. Shule niliishia darasa la sita. La saba lilisikia nakuja, likahama. Lakini mwandiko wangu hata karani wa mahakama akiuona anavua kofia.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye Radi, mpiga ngoma wa bendi ya harusi. Jina hilo sikupewa na mtu, nilipewa na vigae vya nyumba fulani vilivyoporomoka siku niliyoikanyaga ngoma kubwa ya mguu kwa nia. Mwalimu wa hesabu anapiga kinanda na ndiye anayezungumza na wateja, maana ana sura ya kuaminika. Fundi saa anapiga gitaa: mchana anakaza skrubu za saa za watu, jioni anakaza nyuzi. Mbele anasimama mdogo wangu wa tumbo moja, mwimbaji. Mimi niko nyuma, nimewabeba wote.

Alikuwepo na wa tano. Mpwa wangu, binti wa pekee wa mdogo wangu. Tulimwita Chiriku kwa sababu maneno yake hayakuwa na nukta. Alisimama kushoto kwa mama yake, akiitikia. Homa ilimchukua mvua zikiwa bado zinanyesha, upesi mno, chupa ya dawa haijafika hata nusu. Tangu hapo hatujapiga.

Jumamosi msimu wa harusi unaanza. Mwalimu alikwenda kwa mdogo wangu kumuuliza kwa adabu zake zote kama tumtafute mwimbaji wa muda. Akajibiwa, "Gauni langu la kazi nani kalichukua?" Basi ataimba. Nimewaambia wenzangu wasiwe na wasiwasi, nitamwinua mimi. Niliwahi kumrudisha bwana harusi aliyetoroka, kwa ngoma tu; alikuja mwenyewe anahema, suruali imechanika. Nitashindwa na mtu niliyenyonya naye ziwa moja?

Jumamosi, 6 Juni

Kwanza nieleze wimbo wa kumwingiza bi harusi, maana ndio unaotulisha. Waliutunga wao wawili, mama na mwana, wakifua nguo uani. Mama anauliza, "Nani yuko mlangoni?" Binti anajibu, "Ni mimi, mama, nimefika." Mama, "Umekuja na nani?" Binti, "Nimekuja na wangu." Wanaulizana na kujibizana hivyo mpaka bi harusi anafika kwenye kiti chake. Ni wimbo wa furaha. Watu hurusha vitambaa juu.

Leo mlango wa ukumbi ulifunguliwa, bi harusi akatokea, mdogo wangu akauliza, "Nani yuko mlangoni?" Akageuza shingo kidogo kushoto, kama siku zote. Akashusha kipaza sauti. Akatabasamu. Akasubiri.

Hakuna aliyejibu. Nani ajibu?

Nilidhani amesahau. Akainua kipaza sauti, akaendelea, "Umekuja na nani?" Akashusha tena, akasubiri tena. Muda ule ule hasa ambao Chiriku angeutumia kujibu. Bi harusi wa watu kasimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele, hajui aje au arudi.

Nikaokoa jahazi. Pengo lililofuata nililijaza kwa ngoma, na nikisema kulijaza mjue nimelijaza, mtoto mmoja alikimbilia chini ya meza. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu hakugeuka.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo akaja na mfuniko wa ngoma yangu ndogo.

"Kaka."

"Naam."

"Pale paache."

"Pale wapi?"

"Unapajua."

Nikamwambia, mdogo wangu, pengo kwenye wimbo ni kama jino lililong'oka. Mtu hata awe na meno mazuri vipi, watu wataangalia pengo.

"Basi waangalie," akasema.

Jumapili, 7 Juni

Nimelala. Mkono unauma, ingawa kwa kawaida mkono wangu hauumi.

Jumatano, 10 Juni

Mazoezi, darasani kwa Mwalimu, viti vya watoto vinatufika magotini. Fundi saa kajaribu kupitisha gitaa pale, kidogo tu, kama mtu anayepita kwa kunyata. Mdogo wangu akasimamisha wimbo, akamwambia, "Fundi, hapana." Fundi saa akaomba radhi. Mimi sikupiga, lakini mguu wangu ulikuwa unawasha.

Baadaye Mwalimu kasema tumwache, huzuni ina mwendo wake. Nimemwambia huzuni haijui mwendo, inafuata ngoma. Nikiongeza kasi itakimbia.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeongeza kasi. Haikukimbia.

Niliuanza wimbo kama nyumba inaungua. Fundi saa kafuata, Mwalimu kafuata anatoka jasho. Mdogo wangu akauliza swali lake kwa kasi ile ile niliyompa, na pale pengo likabaki kama lilivyo, ila sasa lilionekana kubwa zaidi, kama shimo unalolikuta ukiwa mbioni.

Mshereheshaji alidhani spika zimekufa. "Fundi mitambo, fundi mitambo, sauti inakatika," anasema mbele ya watu mia tatu. Kijana wa mitambo akatambaa chini ya meza, akachomoa waya, akachomeka, akamwonyesha dole gumba. Wimbo ukaendelea, swali likaja, kimya. "Fundi mitambo," mshereheshaji akaita tena, sasa kwa kisirani. Yule kijana akasema kwa sauti, "Mzee, mitambo mizima. Ni mama mwenyewe."

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, akaomba radhi kwenye kipaza sauti, akaendelea kuimba. Na pale akanyamaza kama kawaida.

Jumanne, 16 Juni

Upepo. Vumbi hadi kwenye chai.

Jumamosi, 20 Juni

Leo nimegundua jambo, na nasema nimeligundua mimi, hakuna aliyeniambia. Chiriku jibu la tatu alikuwa anachelewa. Alipenda kuvuta pumzi ndefu kwanza, nikawa namgombeza, unaniharibia mapigo yangu. Sasa leo nilikuwa nafuata kwa makini, nikaona mdogo wangu pengo la kwanza anasubiri kawaida, la pili kawaida, la tatu anasubiri zaidi. Anamsubiri avute pumzi.

Kijiti kiliniponyoka. Miaka yote ya kazi kijiti hakijawahi kuniponyoka isipokuwa siku ile nyuki walipoingia ukumbini, na hata siku ile nilikidaka kwa meno.

Na hana uso wa kulia. Hilo ndilo linalonishinda. Waimbaji wengine wakitaka kulia wanatetemesha sauti, wanashika kifua. Yeye anaimba wimbo wa furaha kwa furaha, halafu ananyamaza kwa upole, kama mtu anayemshikia mgonjwa mlango apite taratibu.

Shangazi wa bi harusi, mama mtu mzima wa miraba minne, alianza kulia pengo la pili. La tatu wakalia meza nzima. Bi harusi wanja ukamshuka hadi kidevuni, akaonekana kama chui. Mwenye shughuli akamfuata Mwalimu: "Nimewaita mpige harusi, mnanizikia mtoto?"

Alhamisi, 25 Juni

Watu wawili wamevunja miadi. Sokoni muuza vitunguu kaniuliza, "Ninyi ndio ile bendi ya matanga?" Nimemwambia sisi ndio bendi iliyowahi kupiga mpaka umeme wa mtaa mzima ukakatika na watu wakaendelea kucheza kwa mwanga wa meno yangu. Akasema, "Sawa, mjomba, chukua vitunguu vyako."

Mke wangu alikwenda kumwona wifi yake. Amerudi na kauli moja: "Anakula kama anayemwonjea mtu mwingine." Nikamuuliza sasa anakula au hali? Akasema, "Nimeshakujibu."

Mwalimu amependekeza tutafute msichana wa kuitikia.

Jumapili, 28 Juni

Nimesoma nilichoandika Alhamisi. Pendekezo halikuwa la Mwalimu, lilikuwa langu. Mwalimu alisema tumuulize kwanza mdogo wangu. Mimi nikasema mgonjwa haulizwi kama anataka sindano.

Jumatano, 1 Julai

Nimempata. Binti wa fundi cherehani wa kona ile, ana sauti safi kama kijiko kwenye glasi. Amejifunza wimbo kwa siku moja. Ana adabu pia, ananiita mjomba kila baada ya neno. Nimemwambia asimwambie mtu. Itakuwa zawadi.

Jumamosi, 4 Julai

Sijui nianzie wapi, na mimi kuanza hakujawahi kunishinda.

Nilimficha binti nyuma ya spika kubwa ya kulia, na kipaza sauti cha pili mkononi. Nilitaka mdogo wangu asikie kwanza, aone baadaye. Nilifikiri sauti ikimjia ghafla itampa raha, kama mtu anavyofumbwa macho kwa viganja akaambiwa bahatisha. Fundi saa aliniona nampanga binti pale, akaniuliza, "Umemwambia dada yako?" Nikasema shughuli hii niachie mimi. Akatazama gitaa lake.

Mlango ukafunguliwa. Bi harusi akatokea. Mdogo wangu akauliza, "Nani yuko mlangoni?"

Akageuza shingo kushoto. Akashusha kipaza sauti. Na ndani ya spika, kutoka kila upande wa ukumbi, ikasikika sauti ya msichana, "Ni mimi, mama, nimefika."

Mdogo wangu alitazama kushoto, pale pale. Patupu. Sakafu na waya tu. Akatazama mlangoni, akamkuta bi harusi wa watu. Akarudi kutazama kushoto. Mimi napiga. Nitaachaje kupiga, bi harusi anatembea? Nampigia ishara kwa kichwa, huku, huku, nyuma ya spika, na meno yangu yote nje kama mtu aliyeleta ng'ombe nyumbani.

Binti akatokeza. Kaogopa, maana kaona uso ambao mimi kwa nyuma sikuuona. Mdogo wangu akamwendea polepole, wimbo unaendelea bila mwimbaji. Akamshika kidevu. Alichomwambia nimekijua baadaye kwa binti mwenyewe: "Umeimba vizuri, mwanangu. Usiogope." Akampa kipaza sauti chake. Akaja nyuma, akakaa juu ya sanduku la vyombo kando ya ngoma zangu, mikono mapajani, harusi nzima.

Binti akaimba kila kitu peke yake, maswali na majibu. Watu wakacheza mpaka viatu vikaachwa katikati. Mwenye shughuli akatushika mikono sote, "Naona bendi imepona."

Njiani nilikaa na mdogo wangu nyuma ya gari, juu ya ngoma zilizofungwa.

"Nilitaka kukusaidia," nikasema.

"Najua, kaka."

"Sasa kosa langu ni lipi?"

"Hujakosa."

Vumbi lilikuwa linatufuata.

"Pale palikuwa pake," akasema. "Ndipo nilipokuwa namkuta. Sasa pana mtu."

Nikataka kumwambia tutamwondoa binti, Jumamosi ijayo tutarudia kama zamani. Lakini hata mimi, kichwa changu hiki cha ngoma, nilijua kwamba mahali pakishaitikiwa hapanyamazi tena vile vile.

Jumamosi, 11 Julai

Harusi. Binti ameimba, watu wamecheza. Mdogo wangu hakuja. Gauni lake la kazi amelirudisha kwa Mwalimu, limepigwa pasi.

Jumanne, 14 Julai

Nimekwenda kwake kuomba radhi. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika nikajikuta nasimulia kisa cha mbuzi aliyesikia ngoma yangu akakataa kuchinjwa, akacheza mpaka mchinjaji akaolewa na dada yake mwenye mbuzi. Mwisho nilichanganya, ni mchinjaji aliyeoa. Mdogo wangu akacheka pale panapochekwa, kama abiria anayetoa nauli. Akaniuliza hali ya mkono wangu.

Nyumba inang'aa. Sufuria zimepangwa. Haimbi.

Jumamosi, 18 Julai

Harusi. Hajaimba.

Jumatano, 22 Julai

Jirani yake kanisimamisha. "Zamani nilijua saa ya kuinjika chakula kwa kumsikia anavyoimba akipika. Sasa wanangu wanakula ovyo ovyo." Nimemwambia anunue saa, fundi namjua. Halafu nikajuta.

Ijumaa, 24 Julai

Binti wa fundi cherehani kaja nyumbani, kakaa ncha ya kiti.

"Mjomba, mimi wimbo ule sitaki tena kuuimba."

"Kwa nini? Watu wanaupenda."

"Nikifika pale pa kujibu najiona nimevaa nguo ya mtu, na mwenyewe ananitazama."

Nikamwambia kazi ni kazi, asiwe mtoto. Akaanza kulia. Mke wangu akatoka jikoni, akanitazama kwa namna ambayo siiandiki. Nimemnunulia binti soda. Tumekubaliana wimbo ule tuutoe kabisa. Bi harusi ataingia kwa kinanda cha Mwalimu.

Jumamosi, 1 Agosti

Ameingia kwa kinanda. Kama mtu anayeingia benki.

Alhamisi, 6 Agosti

Hajaimba. Gauni la nyumbani linamning'inia. Mke wangu kampelekea uji. Kamkuta anaosha bakuli la uji wa juzi, halijaguswa.

Jumapili, 9 Agosti

Shemeji dereva amerudi safari. Huyu ni mume wa mdogo wangu, anaendesha lori la mbao, na maneno yake ya mwaka mzima ukiyamwaga kiganjani hayajazi. Nimemweleza yote, na nimeyaeleza vizuri, nimejipunguzia kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hm."

Nikamuuliza tufanye nini. Akasema, "Sijui, shemeji." Akaenda kufunga turubai ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Zamani nilimwona mtu baridi. Siku zile za msiba sikumwona akitoa chozi, nikasema moyoni huyu ana mbao kifuani. Leo nimeona anavyofunga turubai.

Jumamosi, 15 Agosti

Harusi. Upepo umeng'oa pambo la mlangoni. Hajaimba.

Jumatano, 19 Agosti

Nimejilaza mchana, shemeji dereva kasimama mlangoni hajavua kofia.

"Shemeji, njoo."

"Kuna nini? Kazidiwa?"

"Njoo tu. Usivae viatu hivyo vinavyolia."

Tukaenda. Lori lake kaliegesha kule kwenye banda la mkaa, mbali na nyumba. Nikamuuliza mbona huku. Akasema, "Injini inamkatiza."

Kuna kichochoro nyuma ya nyumba yao, dirisha la jikoni linatazama huko. Tukasimama ukutani. Nikasikia mfuniko wa sufuria. Halafu nikamsikia. Haikuwa sauti ya ukumbini, ilikuwa ndogo, sauti ya mtu mwenye mwiko mkononi. "Nani yuko mlangoni?"

Kimya. Maji yanachemka.

"Umekuja na nani?"

Kimya. Na pa tatu akasubiri zaidi.

Shemeji kaegemea ukuta, kofia kaishusha mpaka puani. Nikamnong'oneza, "Tangu lini?"

"Juzi. Nikiingia ananyamaza. Kwa hiyo siingii."

"Chakula unakula wapi?"

"Ndani ya lori."

Hapo kifua changu kikajaa. Amepona, nikasema. Kumbe ngoja ngoja yote ile, amepona mwenyewe. Nikamwambia shemeji, huyu niachie mimi, Jumamosi atakuwa jukwaani. Akanikamata shati. Mimi mtu mzito, nikatoka, kifungo kikabaki mkononi mwake. Nikazunguka mbele, nikakata ua, nikafika mlango wa jikoni, na kwa umbo langu nikaujaza.

Alikuwa kaupa mlango mgongo, anakoroga. Jua lilikuwa nyuma yangu. Akaimba, "Nani yuko mlangoni?"

Na aliyekuwepo ni mimi.

Kivuli changu kilinitangulia. Kilipanda ukutani juu ya jiko, mbele ya macho yake. Akakiona. Akageuka.

Nimeona nyuso nyingi kazini kwangu, nyuso za watu siku waliyoitamani maisha yao yote. Sijawahi kuuona uso kama ule. Ulikuwa na furaha. Lazima niandike hivyo hivyo ingawa kalamu haitaki: kwa kufumba na kufumbua ulikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyejibiwa. Halafu ukanikuta mimi.

"Karibu, kaka," akasema. Akapunguza moto. "Chai?"

Nikasema ndiyo. Nikakaa, nikanywa. Haikuwa na sukari na sikusema. Nikaanza kisa cha jogoo aliyekuwa akiwika kwa kufuata mapigo yangu, nikafika katikati nikakiacha hapo hapo, jogoo mdomo wazi. Hakuniuliza kiliishaje.

"Nilikusikia unaimba," nikasema.

"Nilikuwa nasafisha koo."

Nilipotoka, shemeji alikuwa bado kichochoroni. Hakunigombeza. Alinirudishia kifungo.

Alhamisi, 20 Agosti

Mke wangu kaniuliza, "Ulikwenda kufanya nini mle ndani?"

"Kumpongeza."

"Kumpongeza kwa lipi?"

Nimekwenda kukaza ngozi za ngoma. Nimekaza moja mpaka ikapasuka.

Jumamosi, 22 Agosti

Harusi. Nimepiga. Hajaimba.

Jumanne, 25 Agosti

Hajaimba. Shemeji anaingia ndani kula sasa. Kasema afadhali alivyokuwa akila ndani ya lori.

Jumamosi, 29 Agosti

Mtoto mmoja ukumbini alinijia akitaka nimwonyeshe radi. Baba yake alimwambia mjomba huyu akipiga vigae vinaanguka. Nimempa kijiti apige mwenyewe. Nimemwambia vigae vile vilikuwa vibovu.

Jumamosi, 5 Septemba

Harusi ya mwisho ya msimu. Mwalimu kashukuru kila mtu. Fundi saa kauliza kama mwakani tutakuwepo. Tukawa tunakunja waya.

Jumatano, 9 Septemba

Mawingu ya kwanza. Saa za kupika, shemeji kaja kwa miguu, ndala kazishika mkononi. Hakusema njoo. Alinitazama tu, na mimi nikavua viatu.

Anaimba. Wimbo ule ule, chini chini, tumesimama pale pale ukutani. Safari hii shemeji hakunishika shati. Nilijishika mwenyewe, mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mshtakiwa.

Halafu nikasikia mkokoteni wa chupa tupu unakuja, chupa zinagongana kama harusi ya vichaa. Nikaenda mbio kwa vidole vya miguu, nikamsimamisha mwenye mkokoteni kwenye kona. Wakaja watoto na gurudumu, nikalikamata gurudumu, nikalikalia. Akaja jirani, yule wa saa ya chakula, kafungua kinywa anisalimie kwa sauti yake ya kuita kuku, nikamwekea kiganja hewani. Akanitazama, akatega sikio, akaufunga mdomo, akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi na kapu lake. Kuku wake mmoja alikataa kunyamaza. Nimemweka kwapani.

Juu mawingu yanasogea. Nyumba zote za kichochoro kile ni za bati, na mvua ikishuka juu ya bati hasikii mtu neno, hata yeye mwenyewe jikoni hatajisikia. Nimesimama, kuku kwapani, naangalia juu, na hakuna kona ninayoweza kwenda kuisimamisha mvua.

Mwenye mkokoteni akasogea karibu. Kaona shemeji kaegemea ukuta, kaona mama kakaa vumbini, kaona watoto kimya. Akavua kofia.

"Mzee," akaninong'oneza, "kuna msiba hapa?"

"Hapana. Kuna mtu anaimba."

Akatega sikio. Dirishani palikuwa kimya. Lilikuwa pengo la tatu.

"Mbona sisikii kitu?"

"Subiri," nikamwambia.